Msiba wa Mzee Kibona

Mashine ilimpa pole.

"Pole kwa msiba," ilisema kwa sauti ya kike, taratibu, kwa adabu zote. "Mwenye kidole hiki ni marehemu. Ndugu wa marehemu mnaombwa kumwona msajili."

Mzee Ambilikile Mwasenga akakitoa kidole gumba kwenye kioo, akakifuta kwenye koti lake la baridi, akakibandika tena. Asubuhi ile ya Mbeya ilikuwa ya ukungu, na baridi ilikuwa imeingia hadi ndani ya kliniki. Mashine ikampa pole mara ya pili.

"Nimeshapoa," akaijibu. "Sasa huyu marehemu anataka kusafishwa damu. Mtamsaidiaje?"

Wanawake wawili waliokuwa naye hawakucheka. Mmoja alikuwa muuguzi Tusajigwe, ambaye ndiye aliyekuwa akimhudumia tangu figo zake zilipogoma. Wa pili alikuwa Sekela Mwambije, na huyo hata angetaka kucheka asingeweza, maana aliyemuua mzee ni yeye. Alimuua kwa kalamu, Alhamisi iliyopita, kwenye televisheni, mbele ya nchi sita.

"Nikiweka kidole changu mimi?" Sekela akauliza.

"Nilishaweka changu juzi, dada," Tusajigwe akajibu. "Mashine inaonja damu kwanza. Ikaonja ya mzee, ikasoma kidole changu, ikaona haviendani, ikajifunga. Wagonjwa wote wa asubuhi wakakaa wananitazama mimi. Nikirudia nitafukuzwa, na hao nao watakosa."

"Basi tulipe taslimu."

"Umlipe nani? Mashine haina mfuko."

Mzee alikuwa ameshavaa kofia yake. Viatu alikuwa ameviacha wazi bila kufunga kamba, kwa sababu miguu ilikuwa imevimba. Kwenye korido Sekela akamvuta Tusajigwe kando, akamuuliza kwa kunong'ona mzee ana muda gani.

"Akipunguza maji, akaacha ndizi, akaacha chumvi, labda wiki na kidogo," Tusajigwe akasema. "Na usinong'one. Mwenyewe anajua."

Kwa aliyezaliwa juzi, ielezwe kidogo ilikuwaje mtu mzima anayetembea akawa maiti.

Zamani kumbukumbu za watu zilikaa kwenye makabati ya maofisa, na makabati, Mungu anajua, yana tabia ya kuungua. Shamba moja liliuzwa mara mbili. Marehemu walifufuka kila mwisho wa mwezi kwenda kuchukua pensheni. Watu wakachoka. Nchi sita zikakubaliana kwamba shahidi asiwe ofisa tena, awe kila mtu mwenye televisheni ndani. Kila kisimbuzi kikapewa nakala ya kumbukumbu zote: nani kazaliwa, nani kaoa, nani ana shamba wapi, nani katutoka. Kumbukumbu mpya zinafungwa pamoja zinakuwa pingili, na kila pingili imeung'ang'ania mkia wa ile iliyotangulia. Ukitaka kuchezea moja, sharti uchezee zote zinazofuata, tena ndani ya nyumba za watu, mamilioni, kwa wakati mmoja. Haya, jaribu! Ndiyo maana ukaitwa Mnyororo.

Tatizo likawa watu wenyewe. Walizima visimbuzi kuokoa umeme. Ziliitishwa semina, watu wakaenda, wakala wali wa semina, wakarudi nyumbani wakazima. Ndipo ikaja tamthilia. Sekela ndiye aliyeitunga tangu siku ya kwanza, *Nyumba ya Mzee Kibona*, na Mzee Ambilikile ndiye aliyekuwa Kibona: mkali, mbishi, mchekeshaji, mzee anayegombana na jirani kuhusu mpaka wa shamba hadi unasahau chai yako mezani. Ugomvi ukiisha, unajikuta unajua pingili ni nini, na hukumbuki umefundishwa saa ngapi. Kwa miaka sita, Alhamisi jioni, barabara zilikuwa nyeupe.

Kisha likaja somo la vifo. Familia nyingi bado zilikuwa zinawaficha marehemu wao, kwa hiyo Sekela akamfisha Kibona. Mtoto wa kwanza anataka kumficha baba. Binti wa mwisho anaushika mkono wa baba yake aliyelala, anakibandika kidole cha baba kwenye kifaa, msiba unaingia kwenye Mnyororo. Mwaka wa nyuma walitumia kifaa cha bandia na watazamaji wakalalamika vibaya sana: mbona taa ya kisimbuzi changu haikuwaka, mnatuona watoto? Sekela akaandika pembeni ya mchezo, *kifaa kiwe cha kweli*. Hakuona hatari. Kifo hakifungwi mpaka nyumba zishuhudie, na nani atashuhudia kifo cha mwigizaji? Kitaning'inia siku moja, kitadondoka chenyewe.

Alisahau tabia za watu wake. Jina la kweli lilitokea kwenye skrini, Ambilikile Mwasenga, na watu wakadhani ni kumtambulisha mchezaji. Chini yake swali: *Unashuhudia?* Kitufe cha kijani, ndiyo. Watu walikuwa wanalia. Sasa mtu kaletewa habari ya msiba, kaulizwa kwa heshima, akunje mikono? Hata waliojua fika kwamba ni mchezo walisema jamani, tusimwache mzee peke yake. Wakabonyeza kwa adabu, kama unavyoingiza mkono mfukoni ukiona bakuli la rambirambi linakuja. Tangazo la mchele lilipoisha, pingili ilikuwa imefungwa.

Mhandisi Fidelis Komba, msimamizi wa Mnyororo kanda ya kusini, hakuwa amenyoa tangu Alhamisi. Alimmiminia Sekela chai ya tangawizi, akasahau kumpa.

"Tuandike tu kwamba yu hai," Sekela akasema. "Kumbukumbu mpya. Tumekosea, mtu huyu hapa."

"Kidole cha maiti hakipokelewi, Sekela. Mlango ule tuliufunga kwa makusudi, kwa sababu ya wale waliokuwa wanafufuka mwisho wa mwezi. Wewe mwenyewe uliandika kipindi kizima kuushangilia."

"Kuna kitufe chekundu."

Kitufe chekundu kilikuwepo kwenye kila rimoti, kwa ajili ya siku mbaya kabisa. Nyumba zikizidi nusu zikakibonyeza ndani ya saa moja, Mnyororo wote unarudi nyuma hadi pingili ya siku itakayotajwa. Haikuwahi kutokea, kwa sababu hakuna mtu wala kitu kilichoweza kuziweka nusu ya nyumba za nchi sita mbele ya televisheni saa ileile. Isipokuwa Kibona.

"Tukirudi kabla ya Alhamisi," Fidelis akasema, "yote yaliyoandikwa baada yake yanaanguka. Ndoa zitaandikwa upya, watoto wataandikwa upya. Igohelo haitaandikwa upya."

Sekela alijua Igohelo. Kila aliyekula wali alijua Igohelo. Bonde lile la mpunga kampuni ya Mavuno Makuu ilikuwa inalimezea mate kwa miaka, na wakulima walikuwa wanagoma kuweka vidole kwa sababu waliogopa mashine. Kifo cha Kibona ndicho kilichowatoa ndani. Jumamosi walijipanga, wa kanisani na wa msikitini, wakaandikisha kila tuta.

"Dai la kampuni liko kwenye foleni tangu Alhamisi ileile asubuhi," Fidelis akaendelea. "Walikuwa hawajaleta mashahidi; sasa wameshawapanga. Wakulima waliwahi kwa sababu kampuni ililala ikijua hawa hawatoki. Ukirudisha nyuma, safari hii hawalali. Litaingia kabla mkulima hajavaa ndala. Na likishaingia, halitoki."

"Familia ngapi?"

"Elfu nne na ushee. Na hata hivyo watu hawatakibonyeza. Umesahau Jaribio?"

Hakusahau; Jaribio alilibuni yeye. Kila mwisho wa mwaka tamthilia ilikuwa na kipindi kimoja ambacho Kibona anawaomba watazamaji wabonyeze chekundu. Mara kaporwa, mara mwanawe kafungwa bure, mara yuko mahututi. Analia, anapiga magoti. Somo lilikuwa kwamba Mnyororo haurudi nyuma kwa machozi ya mtu, hata awe baba yako. Waliobonyeza walisomwa majina wiki iliyofuata, mtaa kwa mtaa, na utani wake uliwafuata hadi kwenye harusi. Mwaka hadi mwaka walizidi kupungua.

"Wanampenda," Sekela akasema. "Wakijua ni kweli, watabonyeza."

Fidelis akaitazama ile chai, akainywa yeye.

Bwana Kinabo wa Mavuno Makuu alifika studio kesho yake na kapu la matunda la mgonjwa, limefungwa utepe. Ndizi, machungwa, parachichi: kila kilichokatazwa kwa mtu mwenye figo mbovu, kilikuwemo. Kampuni yake ndiyo iliyodhamini tamthilia, na mchele ule kwenye tangazo ulikuwa wao.

"Dada Sekela, sisi tunampenda mzee wetu," akasema. "Tumekununulia nusu saa. Alhamisi, moja kwa moja, nchi zote sita. Andika unavyotaka."

"Na nyinyi mnataka nini?"

"Hatutaki kitu. Mtu anakufa, dada, tutake nini tena?"

Alisema kwa upole, na macho yake yalikuwa na huruma kweli, na hilo ndilo lililomtisha Sekela. Angemwona anacheka pembeni angejua pa kumchukia. Kapu akalipeleka kwa walinzi wa getini.

Jioni akaenda kwa mzee, chumba chake cha uani pale Iyunga. Akamkuta amekaa kitandani, miguu juu ya stuli, anamung'unya kipande cha barafu kutuliza kiu. Akamweleza yote bila kuficha, chekundu, foleni, Kinabo, Igohelo. Kisha akamchezea ujumbe wa sauti uliokuwa umeingia kwenye simu yake Jumamosi. Ulikuwa wa mama mmoja wa huko bondeni, Mama Nsia, mjane, aliyekuwa akiandika na kutuma sauti kila wiki tangu mwaka wa kwanza.

*"Mwanangu Sekela, mwambie Mzee Kibona huko aliko nimeweka kidole. Ekari mbili na nusu na ule mtaro. Nilitetemeka, lakini nimeweka. Alazwe pema."*

Mzee akacheka kidogo, kisha akarudia kumung'unya barafu yake. Sekela alikuwa anasubiri. Alijua anachosubiri, na aliona aibu.

"Unangoja niseme niacheni nife," Mzee Ambilikile akasema.

"Hapana, baba."

"Unangoja. Miaka sita umeniandikia maneno ya mzee mwema, umeyazoea, sasa unayatafuta mdomoni mwangu. Mwanangu, mimi si Kibona. Kibona angesema bonde kwanza. Mimi naogopa. Nikilala nasikia maji kifuani. Nataka kuishi, nile ugali wangu, nione mvua za mwaka huu. Usiniandikie wema ambao sina."

"Na Mama Nsia?"

"Mama Nsia simjui. Nisamehe, lakini simjui." Akakitemea kile kibarafu kwenye kikombe. "Andika, au usiandike. Ila usiniulize mimi, kwa sababu nitakujibu."

Sekela alimkasirikia hadi kituoni. Alipofika nyumbani hasira ilikuwa imekwisha, imebaki sura ya mtu anayemung'unya barafu. Bonde lilikuwa maelfu ya watu, na hakuwa amewahi kumwona hata mmoja. Mzee alikuwa mmoja, na alijua anavyopenda chai yake. Akakaa mezani akamchagua yule anayemjua. Hakujidanganya kwamba ni haki. Alijua anawachukulia watu mashamba yao, na akaandika hivyohivyo.

Shida ikawa maneno.

Aliandika *hili si igizo*, akafuta. Jaribio la kwanza lilianza kwa maneno hayo. Akaandika *naapa mbele ya Mungu*. Hilo lilikuwa la mwaka wa tatu, na masheikh na wachungaji walilalamika. Alifikiria mzee aoneshe miguu iliyovimba, akakumbuka lile jeraha la bandia la mwaka juzi, lililopakwa kwa ustadi hadi watu wakatapika. Alifikiria kumleta muuguzi wa kweli. Walishamleta muuguzi wa kweli. Mwaka wa mwisho yeye mwenyewe, Sekela, alitokea kwenye skrini kama mtunzi, akalia, akasema safari hii jamani ni kweli. Nchi nzima ilimsifu. Alipindua vipindi vyake vyote akitafuta njia moja tu ya kusema kweli ambayo hakuwa ameitumia kudanganyia, na hakuipata.

Mwishowe karatasi ilikuwa na mistari michache, na alimwambia mzee aseme atakavyoweza.

Alhamisi wakamketisha kwenye kiti cha plastiki, bila vazi la Kibona, bila poda. Sekela na Fidelis walikuwa nyuma ya kioo. Ukutani namba mbili: nyumba zilizokuwa zinatazama, na nyumba zilizobonyeza chekundu. Ya kwanza haikuwahi kuwa kubwa vile.

"Mimi naitwa Ambilikile Mwasenga," mzee akaanza. "Kibona ndiye aliyekufa. Mimi sijafa. Lakini kidole changu kimezikwa, na mashine ya figo hainijui. Naombeni mbonyeze chekundu, turudi kabla ya Alhamisi ile. Kuna watu wataumia, sitawaficha. Wapo watu watapoteza mashamba. Naomba hivyohivyo."

Sentensi hiyo ya mashamba Sekela hakuiandika. Fidelis akaguna.

Namba nyekundu ikapanda. Mia chache, elfu, elfu kadhaa. Sekela akajikuta amemshika Fidelis mkono. Kisha ikapunguza mwendo, ikasimama.

Ndipo walipoanza kusikia kelele. Studio haikuwa na kuta nene, na nje yake kulikuwa na nyumba za watu, na madirisha ya nyumba zile yalikuwa wazi. Kwanza mtoto mmoja, kisha mtaa mzima, kwa furaha, kama timu yao imefunga goli.

"Ha-tu-bo-nye-zi! Ha-tu-bo-nye-zi!"

Mzee alisikia. Akageuka kwenye kioo, akamtafuta Sekela kwa macho, kisha akairudia kamera.

"Jamani," akasema, na sauti ikampasuka. "Jamani, safari hii nakufa kweli."

Nje wakapiga vigelegele. Mwanamke mmoja akapaza sauti, "Mzee wewe noma! Huyo ndiye Kibona wetu!" Watu wakacheka mpaka wakapigana viganja. Mzee akashuka kwenye kiti, akapiga magoti, jambo ambalo magoti yake hayakuliweza tena, akaanguka ubavu, na kelele za shangwe zikazidi. Tusajigwe, aliyekuwa amesimama pembeni ya kamera, akakimbia kumwinua. Hilo nalo watu walilipenda.

"Kata," Fidelis akasema. "Sekela, kata!"

Nusu saa ilikuwa imelipiwa yote, na hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kukata. Iliendelea mpaka mwisho, kisha likaja tangazo la mchele.

Walimketisha mzee kwenye kiti, wakamfunika koti. Simu ya Sekela haikukaa kimya. *Mwaka huu mmetutoa jasho. Mmewahi kulileta, lakini hatukudanganyika. Ile ya mashamba mmetuweza! Mpeni mzee tuzo.* Kutoka Lusaka, kutoka Kigali, kutoka vijijini ambako miaka sita nyuma walikuwa wanazima visimbuzi. Walikuwa wamejifunza kila kitu. Fidelis alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, analia bila kujificha. Bonde lilikuwa salama, na hakuna mtu chumbani mle aliyeweza kufurahi.

"Wanasemaje?" mzee akauliza.

Ujumbe wa sauti ukaingia, na kidole cha Sekela kikaugusa kabla hajaona ni wa nani.

*"Mwanangu Sekela, mimi Mama Nsia. Nimelia leo, nimelia mpaka wajukuu wakaniogopa. Rimoti nilikuwa nimeikalia, nisije nikajisahau. Lakini mkono sikuupeleka. Mwambie Mzee nimefaulu."*

Mzee Ambilikile akanyoosha mkono, akaomba simu. Sekela akampa, akamwonesha pa kubonyeza ili arekodi jibu. Mzee akaisogeza karibu na mdomo. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka kwa taabu. Alitaka kumwambia kwamba safari hii ni kweli, ilionekana wazi. Kila neno alilokuwa nalo, mama yule alishalisikia kwake kwenye televisheni, akafundishwa asiliamini.

"Hongera, mama," akasema mwishowe, akamrudishia Sekela simu yake.